Kwetu Wete, chuo Mbeya: barua za wanaoanza masomo ugenini

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, barua za safu hii hubadilika ghafla. Swali la "nisomee nini" linakwisha, linakuja la "huko nitaishije". Mwezi huu tumechukua barua nne. Tumeondoa majina, na maelezo marefu tumeyafupisha.

Assalaam alaykum. Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu Wete, Pemba. Nimepata nafasi ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Sijawahi kufika mbali zaidi ya Dar es Salaam. Mama ana hofu tatu: baridi, chakula (kasikia huko watu wanakula nguruwe) na mwezi wa Ramadhani. Mimi nina ya nne: nitafikaje na mizigo yangu?
*Binti wa Wete*

Waalaykum salaam, mwanetu. Tuanze na yako, za mama zinafuata.

Safari yako ina vipande vitatu: Pemba hadi Unguja, Unguja hadi Dar, Dar hadi Mbeya. Usiviunganishe bila kulala. Boti ya Unguja na Dar huchukua kama saa mbili na kwa siku zipo kadhaa, ila za Pemba hazina wingi huo, na bahari ikichafuka safari husogezwa. Anayepoteza nauli ni yule aliyekata tiketi ya basi la alfajiri ya kesho ilhali bado yuko upande wa pili wa maji. Vuka kwanza, ulale kwa ndugu, tiketi ya basi ukate ukiwa Dar. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, mbali na bandari, na kwa foleni ya Dar asubuhi huwezi kutoka mjini saa 11 ukategemea kulikuta basi la saa 12. Ukipata pa kulala upande wa Kimara au Mbezi, umepona.

Dar hadi Mbeya ni kilomita 830 hivi, safari ya kutwa nzima. Sweta liwe kwenye begi la mkononi. Wageni wengi huteleza hapo: nguo nzito zote huziweka kwenye begi kubwa, begi linafungiwa kwenye buti, wao wanapanda na dera jepesi kwa sababu Dar jasho linawatoka. Mkishapanda mlima Kitonga hewa inabadilika, na Makambako ukishuka kununua maji upepo unakupiga mpaka kwenye mifupa. Kufika Mbeya usiku tayari una mafua si mwanzo mzuri.

Sasa baridi yenyewe. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, lakini wewe utafika Oktoba au Novemba, na hiyo si miezi ya baridi kule. Utakuta vumbi, jua kali la mchana na usiku wa kujifunika shuka na blanketi jepesi. Utasema watu wametia chumvi. Kisha mvua zinaanza, zinaendelea mpaka Aprili, na shida inakuwa nguo: hazikauki. Kanga mbili na sare moja ya maabara hazitoshi. Uwe na nguo za siku 8 hadi 10, na kamba ya kuanikia ndani. Baridi yenyewe inakuja Mei, inakaza Juni na Julai, usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Wakati huo ndio wa mitihani, na mwanafunzi aliyetumia pesa zake zote bila kununua blanketi anasomea kitandani, amejikunja, na usingizi unamchukua.

Usinunue majaketi Unguja wala Dar. Nguo nzito za mitumba zinapelekwa kunakohitajika, na Mwanjelwa utazikuta nyingi na za kuchagua. Toka nyumbani na sweta moja, soksi jozi nne na viatu vya kufunika vidole. Vingine nunua kule: blanketi zito moja, jaketi moja, na raba za sole nene za kukanyagia tope. Chukua na mafuta ya mgando, maana hewa kavu ya Oktoba inapasua midomo na visigino vya mtu wa pwani ndani ya wiki mbili.

Kuna jambo moja kuhusu baridi ambalo hatuna mzaha nalo. Jiko la mkaa lisilale chumbani. Wanafunzi wa mageto, yaani vyumba vya kupanga, huingiza jiko baada ya kupika ili lipashe chumba, wanafunga dirisha, wanalala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi, na inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, kwa hiyo mtu hudhani amechoka tu na anazidi kulala. Mkaa wenye majivu juu, unaoonekana umekufa, bado unatoa gesi hiyo. Ukihisi kichwa kimeuma wewe na mwenzako kwa pamoja, msitafute panado. Fungueni mlango, mtoke nje. Ukitaka joto, jaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu yenye mfuniko unaokaza, izungushie kitambaa, uiweke miguuni.

Ya pili kwa hatari ni hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Hosteli nyingi zinaikataza, na zina sababu. Ukiitumia kwenye chumba cha kupanga, chomoa plagi kwanza, ndipo uitoe kwenye maji, ndipo utie mkono. Kupima joto kwa kidole hita ikiwa inawaka ndiko kunakoua.

Chakula. Mama asiogope njaa. Mbeya ni mkoa wa chakula. Kuna mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi, maharage, mahindi mabichi na maparachichi ya kumwaga. Utakachokosa ni samaki wa bahari na nazi ya bei ya Pemba. Badala ya dagaa wa bahari jaribu usipa, vidagaa vya Ziwa Nyasa, na mbasa wa Kyela akipatikana. Nazi zipo sokoni, ila zimesafiri: tikisa usikie maji, ukiona ukungu kwenye macho yake iache. Jingine ambalo hukuambiwa: kule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva na gesi inakwisha haraka. Yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea uyamwage, upikie mapya. Hapo utaokoa muda mwingi wa moto.

Kuhusu nguruwe, mama amesikia sawasawa: analiwa, tena sana, lakini hafichwi. Tatizo ni kwamba haitwi nguruwe. Anaitwa kitimoto, anaitwa mdudu, anaitwa mbuzi katoliki. Msichana wa Pemba akiambiwa "leo kuna mbuzi katoliki" anaweza kudhani ni mbuzi wa sherehe ya kanisa. Yashike majina hayo matatu. Hatua ya pili ni mafuta na wavu. Kibanda kinachochoma au kukaanga kitimoto mara nyingi hutumia karai hilo hilo kwa chipsi na ndizi, basi usiulize tu "mna chipsi", uliza "mnakaangia nini kingine humu?". Asubuhi ukiona supu, uliza ni ya nini. Hakuna muuzaji anayekasirika kwa swali hilo, wanalizoea. Salama zaidi, tafuta mama ntilie mmoja Mwislamu karibu na chuo ndani ya wiki ya kwanza. Waliotangulia watakuonyesha siku hiyo hiyo ukisali nao Ijumaa.

Tukija kwenye Ramadhani, kosa kubwa la wanafunzi kutoka visiwani ni saa. Pemba iko mashariki ya Mbeya kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Jua la Mbeya huzama kati ya dakika 20 na 30 baada ya la kwenu, kutegemea mwezi. Ukifungua kwa adhana ya redio ya Zanzibar au kwa ratiba aliyokutumia kaka kwenye simu, umefungua mchana. Chukua ratiba ya msikiti wa Mbeya. Kama unatumia programu ya simu, hakikisha imewekwa mji wa Mbeya, si Zanzibar wala Dar.

Daku ina mtego wake: migahawa ya chuo haifunguliwi saa 10 usiku. Nunua chupa ya chai ya lita moja na nusu au mbili, pika uji au chai saa 3 usiku, iwe moto mpaka daku. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, katikati ya mvua, na umeme ukikatika usiku jiko la umeme halikufai kitu. Viazi vitamu na mayai ya kuchemsha havina haja ya kupashwa. Futari ni rahisi zaidi, maana jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu huchangishana na kupika pamoja. Mchango ulipe mwanzoni mwa mwezi kabla pesa haijapata kazi nyingine.

Swala ya Ijumaa na ratiba ya vipindi: zungumza wiki ya pili, ratiba ikishatoka, si siku ya jaribio. Mweleze kiongozi wa darasa, yeye alipeleke kwa mwalimu likiwa la wanafunzi wengi. Likiletwa asubuhi ya jaribio linaonekana kisingizio.

Na kwa sababu ni uhandisi, karakana. Buibui na mtandio mrefu karibu na mashine inayozunguka ni hatari. Mashine ya kuchonga chuma ikishika pindo, inavuta kitambaa pamoja na shingo. Vaa suruali pana na ovaroli juu yake, hijabu fupi iliyochomekwa ndani ya kola, bila pini, na mikono iliyofungwa vifungo. Staha iko pale pale na mwalimu hatakuwa na sababu ya kukutoa nje.

Ukipanga chumba, usitafute sheha, kiongozi wa mtaa wa kwenu visiwani, huko hakuna. Ni mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Nenda na nakala ya barua ya chuo ujiandikishe. Siku ukipata shida, wawe tayari wanakujua. Jirani akikuambia "ugonile", ni salamu ya Kinyakyusa, na "ndaga" ni asante. Hayo mawili yanatosha kukupunguzia bei ya ndizi.

Habari za kazi. Mimi ni kijana Mkristo, natokea Karagwe. Nimechaguliwa kusoma ualimu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Watu wamenitisha: eti Ramadhani nitakufa njaa, kanisa hakuna, na Kiswahili chetu watanicheka. Ukweli ni upi?
*Muhaya wa Karagwe*

Njaa hapana, makanisa yapo, kuchekwa ndiyo, utachekwa kidogo.

Tuanze na makanisa kwa kuwa ni mepesi. Kanisa kuu la Anglikana liko Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa, na kanisa kuu la Katoliki la Mtakatifu Yosefu liko Mji Mkongwe. Kampasi kuu ya chuo iko Tunguu, nje ya mji, kwa hiyo Jumapili ni safari ya daladala. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi katika bajeti yako ya mwezi.

Ramadhani inataka maelezo. Visiwani, kula, kunywa maji, kuvuta sigara au kutafuna bigijii hadharani mchana wa mwezi ule si jambo la adabu peke yake. Polisi wamekuwa wakikamata watu. Migahawa ya kawaida imefungwa. Lakini hakuna anayekuingilia chumbani mwako. Mambo yanayoharibika ni mawili: kutokuwa na jiko, na kusahau kununua mapema. Jipatie jiko la gesi dogo la mtungi wa kilo 6 kabla ya Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, kwisha, kama mwenye nyumba au hosteli inaruhusu. Mkate, maziwa na ndizi vinunue usiku wa kuamkia, kwa kuwa baada ya magharibi mji unafurika chakula: mihogo ya nazi, mbatata, samaki, vitumbua, tambi. Maji ya kunywa yabaki kwenye begi. Ukiwa na kiu, ingia ndani. Ukiwa na mwenzako wa chumba anayefunga, mpikie saa ambayo hayupo, au kula vitu visivyonukia. Halafu ukikaribishwa futari, nenda. Huhitaji kuwa umefunga.

Ofisi nyingi hufunga mapema mwezi huo. Ukiwa na saini ya kutafuta au fomu ya kupeleka, fika asubuhi.

Mavazi: kwa mwanamume ni rahisi, suruali ndefu chuoni na mtaani, kaptura ya mpira uwanjani, na usipite mtaani kifua wazi hata kama joto limekuzidi. Na litakuzidi. Karagwe ni nyanda za juu, umelala na blanketi maisha yako yote. Unguja mwezi wa Februari shuka moja ni nyingi. Nguo za pamba, nyepesi. Viatu vya ngozi na mkanda vitaota ukungu vikikaa kabatini mwezi mzima, kadhalika vitabu vilivyosukumwa ukutani. Acha nafasi ya upana wa vidole viwili kati ya rafu na ukuta, na siku za jua vitoe nje. Sehemu nyingine maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu. Usiongeze sabuni, tafuta maji ya bomba ya kufulia nguo nyeupe.

Kukodi chumba kunapitia kwa sheha wa shehia. Unapelekwa na mwenye nyumba, na barua ya chuo na kitambulisho chako mkononi, unajulikana. Mgeni ambaye sheha hamjui ni mgeni wa mashaka hata akiwa na tabia njema kiasi gani. Kitambulisho hicho hicho, au namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), utakihitaji pia kwenye tiketi ya boti.

Ukifika nyumba ya mtu, piga hodi ukiwa umesimama pembeni ya mlango, si katikati ukichungulia. Ukijibiwa na sauti ya kike na ukaambiwa mwenyewe hayupo, ujumbe uache hapo hapo uende zako. Viatu nje. Ukiwakuta watu barazani wamekaa, wasalimie wote kabla ya kuuliza njia, anayeanza na "eti, Tunguu ni wapi?" anajibiwa kwa mkato, na hatajua kwa nini.

Sasa lugha, maana ualimu ni kazi ya mdomo. Shule ni skuli. Viazi mviringo ni mbatata, nyanya ni tungule, mkate wa ngano ni boflo. Ukialikwa "chai", ni kifungua kinywa kizima. "Shamba" ni nje ya mji, hata kama hapana hata mgomba mmoja. Tatizo la Wahaya na watu wengi wa Kanda ya Ziwa huwa si msamiati, ni sauti na amri. "Nipe maji" kwa muuza duka wa Kariakoo ya Dar ni kawaida. Unguja ni ukali. Anza na salamu, kisha "naomba", na sauti ishuke. Wakikucheka kwa "r" na "l", cheka nao. Kijana anayenuna wiki ya kwanza hupewa jina la utani litakalokaa naye miaka mitatu. Na ukienda mafunzo ya kufundisha, wanafunzi wa skuli watakusahihisha wazi wazi mbele ya darasa. Andika wanachokisahihisha. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu miaka ya 1930, basi unasahihishwa na wenye shamba.

Senene za Novemba ukitumiwa kutoka nyumbani, usizifungue kwenye chumba cha watu wanne bila kutangaza. Wengine watakimbia, wengine watazimaliza.

Mimi ni mzazi, Masasi. Kijana wangu anakwenda Chuo Kikuu cha Dodoma na amepata mkopo wa asilimia zote za chakula na malazi. Ananiambia nimpe nauli tu, mengine atapewa na bodi ya mikopo. Je, ni kweli?
*Baba Mzazi*

Mzee wetu, shikamoo. Mkopo ni kweli, "nauli tu" si kweli.

Pesa ya kujikimu, ambayo wao wanaiita bumu, imekuwa ikihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hutolewa kwa mafungu, si kila mwezi kama mshahara. Fungu la siku 60 ni 600,000, na humo ndimo chakula, chumba, nauli, vocha na chapa za kazi za darasani. Tatizo ni fungu la kwanza. Halitoki siku ya kuripoti. Kijana lazima kwanza asajiliwe, akaunti yake ya benki iwe sahihi, jina kwenye akaunti lilingane na la cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi, kisha asaini kwa alama za vidole. Herufi moja ikitofautiana, majina yanarudi bodi na wenzake wanalipwa yeye akiangalia. Kwa hiyo mpe cha wiki 6. Kwa kipimo kile kile cha bodi ni 420,000, bila kodi ya chumba. Kama atapanga nje ya chuo, wenye nyumba hutaka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Hiyo iwe pembeni.

Usimpe yote mkononi. Mpe ya wiki mbili, nyingine umtumie kila Jumatatu kwa simu. Kijana wa mwaka wa kwanza mwenye laki nne mfukoni hununua redio.

Ada na michango hulipwa kwa kontroli namba inayotolewa na mfumo wa chuo, wala si kwa namba ya simu ya mtu. Yeyote atakayempigia akisema "nitakusaidia usajili, tuma kwa hii" ni tapeli, hata akijua jina kamili na kozi. Majina yamebandikwa mtandaoni, kila mtu anayaona. Bima ya afya ya wanafunzi ya NHIF imekuwa 50,400 kwa mwaka. Kama tayari yumo kwenye bima yako ya kazini, mpe nakala ya kadi ili asilipishwe mara mbili.

Vyeti: halisi viende naye kwenye bahasha ngumu, nakala nne za kila kimoja zilizothibitishwa zibaki kwenye begi jingine, na picha moja ya kila cheti iwe kwenye simu yako wewe, mzee. Mabegi yanapotea stendi.

Ndaki za chuo hicho, yaani vitivo vyake vikubwa, zimetawanyika vilimani, moja na nyingine si mwendo wa miguu ukiwa na jua la Dodoma. Asipange chumba kabla ya kujua ndaki yake na majengo anayosomea. Kutoka Dar apande treni ya SGR. Ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, na ni safari ya kati ya saa tatu na nne. Atafika wakati wa ukame, mvua za huko huanza Desemba. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na dumu viwe vitu vya kwanza kununuliwa, kabla ya godoro.

Natoka Tanga, nasoma Mwanza, huu ni mwezi wa pili. Chumbani tuko wanne, watatu wanazungumza Kisukuma usiku kucha, mimi nakaa kama kinyago. Silali vizuri, jaribio la kwanza nimefeli. Nimefungasha. Niondoke au nihame chuo?
*Kinyago*

Mdogo wetu, fungua hilo begi kwanza, maana kuondoka kuna utaratibu na wewe hujaufuata. Anayeondoka bila barua anahesabiwa ametoroka masomo. Mkopo unasimama, jina linafutwa, na kurudi mwakani kunakuwa kuomba upya.

Kuhama chuo hufanyika ndani ya dirisha fupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kupitia vyuo vyote viwili, uwe na sifa za kozi unayokwenda na nafasi iwepo. Mkopo nao lazima uhamishwe kwa maombi. Mwezi wa pili huenda umeshachelewa. Kilichobaki wazi ni kuahirisha mwaka kwa sababu za afya au familia, kwa maandishi, na lazima ukubaliwe kabla hujapanda basi.

Kuhusu chumba: watatu hao hawakusengenyi. Watu wanaotoka lugha moja hurudi kwao ulimi ukichoka, na ninyi wa Tanga mngekuwa watatu mngefanya hivyo hivyo kwa Kisambaa au Kidigo. Mwambie mmoja, yule mnayesoma naye kozi moja, si wote watatu kwa pamoja: "Nikiwepo semeni Kiswahili nami nicheke." Wengi huona aibu papo hapo kwa sababu hawakujua. Asubuhi wasalimie "mwangaluka", mchana "mwadila". Ukiwapa salamu yao utani unaanza, na kwa Wasukuma utani ukishaanza umeshaingia nyumbani.

Jaribio la kwanza kufeli kuna sababu ya kawaida kuliko upweke: umekuwa ukisoma peke yako. Pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) na maelezo ya mwalimu aliyetangulia hupita kwenye vikundi vya diskasheni, havibandikwi ukutani. Ingia kikundi cha watu watano au sita wa kozi yako, si cha watu wa Tanga. Cha watu wa Tanga jiunge nacho pia, kwa ajili ya michango ya msiba na ya ugonjwa, lakini ndani yake utakuta wa sheria, wa uuguzi na wa uhasibu. Swali lako la hesabu hakuna wa kulijibu.

Usingizi ukikosekana wiki mbili mfululizo, chakula hakipiti, unalia bila sababu, hilo si suala la Kisukuma. Nenda zahanati ya chuo na kadi yako ya bima, useme hivyo hivyo ulivyotuandikia, na uulizie mshauri wa wanafunzi, ambaye kwa kawaida anakaa ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Wakikuandikia kwamba unahitaji kupumzika, karatasi hiyo ndiyo unayoiambatisha kwenye barua ya kuahirisha. Andika nakala mbili, moja iende ofisi ya masomo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa ikae kwako.